Acha Mizani Hapa

Kaseba, toa mizani yako ya kupimia mawe,
futa vumbi la malakiti, iweke kaunta.
Leo tunapima maneno yako.

Uliniambia: matufe ya kweli, Mama Mujinga,
yametoka Ulaya, hayajui kufa.
Jina langu lisikudanganye. Kwetu Mujinga
ni mtoto aliyezaliwa kitovu kikiwa shingoni,
akakataa kunyongwa.

Miezi mitatu tu. Namba saba imepasuka
kama yai la kuchemsha lililoanguka sakafuni.
Jeupe limekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku.
Soma mwenyewe: hili gramu mia na arobaini na nane,
hili mia na sitini na mbili.
Ndugu wa sanduku moja, na hawalingani!
Kijana anapiga sawa, tufe linakwenda kombo,
anamshika mwenzake shati,
na viti vinavyovunjika ni vyangu.
Poliesta, Kaseba.
Plastiki iliyoazima suti ya harusi.

Usiseme mwanamke hajui. Nimelishwa na matufe.
Baba yangu Kishimba alikuwa boi wa biliadi
kwenye klabu ya Wazungu, mji ukiitwa Elizabetivili.
Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ikiuma,
aliyapasha joto kwa viganja, moja moja,
ndani ya kitambaa cha sufu,
maana pembe ukiigonga ikiwa baridi hupasuka.
Alituambia linakatwa katikati kabisa ya jino,
ule mshipa mweusi, mwembamba kama uzi,
upite moyoni mwa tufe; ukipita kando
tufe litalalia upande maisha yake yote.
Jino moja, matufe matatu, manne ukibahatika.
Na meza yao ilitaka matatu. Piga hesabu.

Pembe ilitoka huku mabegani mwa watu,
ikavuka maji, ikachongwa,
ikarudi kwetu mviringo.
Baba aliruhusiwa kuigusa. Kuicheza, la.

Halafu lilikuja sanduku jipya kutoka Ubelgiji,
lina harufu ya dawa ya kuoshea hospitali.
Baba alilinusa tufe, akalizungusha, akasema:
hili halikuwahi kuwa na mama.
Halikuogopa baridi. Halikutaka kiganja cha mtu.
Wiki ile ile walimpeleka jikoni kuosha sahani.

Na bado, Kaseba, hilo ndilo ninalolitaka.
Fenoliki. Utomvu wa kiwandani
unaomiminwa, unaookwa siku na siku,
unaosagwa hadi kipimo kisione kosa,
namba imezama ndani, si rangi ya kupakwa
inayobaki kwenye vidole vya walevi.
Yakigongana husema ko!
mara moja, kama mlango wa kabati zuri.
Haya yako yanasema kwap,
kama kandambili kwenye matope ya Katuba.

Ngoja. Kuna jingine, chini ya unga, ndani ya soksi.
Mwaka Wazungu walipokimbia, wenzake walibeba redio,
walibeba mapazia. Baba alirudi na hili, mfukoni.
Liweke. Polepole.
Mia mbili na saba. Mia mbili na nane.
Unaona linavyositasita? Mvua zimeanza, limekunywa.
Kiangazi litapungua tena, na ufa huu hapa
utafunguka hadi uingize ukucha.
Watoto wangu hawajaona tembo,
ila yule wa kwenye chupa ya bia,
na huyo huloweka karatasi yake kwenye ndoo ya barafu
hadi anaondoka mzimamzima.

Rudisha mkono. Haliuzwi.
Najua bei yake, najua na gereza lake.

Kalete seti nyingine kabla ya Jumamosi,
kumi na sita, gramu mia na sabini kila moja,
nitapima moja moja mbele za watu.
Na mizani, acha hapa.